Hatuna Mgombea, Tuna Vikapu Sita

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita mbele ya vikundi vya kina mama, vijana wa maskani, walimu wa madrasa na waendeshaji bodaboda, hapa Kisauni, Mombasa, kwenye mafunzo yetu ya wapiga kura yasiyo na chama. Waliokosa kufika wameniomba niiandike. Nimeiacha kama nilivyoisema, pamoja na majibu machache ya ukumbini niliyoyakumbuka.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, hamjambo? Vijana wa maskani, habari za tangu asubuhi? Assalamu alaikum, na wenzetu wa makanisani, Bwana asifiwe.

Kabla sijaanza, nina deni la kulipa. Nilipokuwa naingia, kijana mmoja alikuwa ameegemea pikipiki yake pale mlangoni. Akaniuliza, "Mwalimu, leo mumetumwa na nani?"

Angalieni swali lenyewe. Hakuuliza tumekuja kusema nini, aliuliza tumetumwa na nani. Sikumlaumu hata kidogo. Hapa kwetu mtu akikuita ukumbini, akakupa kiti cha plastiki na chupa ya maji, wajua yuko mgombea nyuma yake. Nikamjibu, mwanangu, hakuna aliyetutuma. Akanitazama usoni, akaniuliza la pili: "Basi nyinyi mwafaidika nini?"

Swali hilo la pili ndilo lililonikaa kichwani. Nitalijibu, lakini mnivumilie, maana jibu lake lina safari.

Nianze na neno tunalolisema kila siku: hatuna upande. Maana yake nini? Je, ni watu tusiokuwa na maoni? La hasha. Wale kina mama wawili walioketi pale mbele, siku ya kura kila mmoja atakwenda na mtu wake, na watu hao hawapatani hata kidogo. Lakini asubuhi ya leo wamekuja na sufuria moja ya mbaazi, na mahamri wameyakaanga pamoja. Hata mimi nina maoni yangu, na siku ikifika nitayapeleka kwenye debe, nyuma ya lile boksi la kadibodi, ambako hapana mtu anayeniona. Nikiwa hapa mbele yenu, maoni hayo nimeyaacha nyumbani. Hiyo ndiyo maana ya kutokuwa na upande: si kwamba huna pa kwenda, bali humvuti mwenzako aende unakokwenda wewe.

Na hilo lina gharama yake. Mwaka 2022, wakati wa kampeni, tulipanga mafunzo chini ya mwembe mmoja si mbali na hapa. Siku mbili kabla, tukaletewa salamu na watu wa mgombea mmoja, ambaye sitamtaja wala sitataja kiti alichokitaka. Watatupa mahema. Watatupa viti 200. Watatupikia pilau. Wao wanaomba jambo moja tu, mheshimiwa apite asalimie watu dakika mbili.

Tulikaa kikao hadi baada ya Isha. Wapo waliosema tuchukue, kiti si kura. Wapo waliosema watu hawatakuja bila chakula. Ndipo mama mmoja mtu mzima, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akasema, "Mwenye viti ndiye mwenye kikao." Hatukuendelea na mjadala.

Siku ilipofika watu waliketi kwenye mikeka. Wengine walifika, wakatazama huku na huku, wakaona hakuna moshi wa jiko, wakaondoka. Tulibaki kama arobaini hivi. Lakini siku ile hakuna aliyeuliza tumetumwa na nani. Mkeka ulikuwa umejibu.

Kwa nini tunashikilia hivi? Niwaambie jambo ambalo huwa silisemi sana. Mimi nimekulia Likoni. Agosti ya mwaka 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na baada ya hapo watu wakaanza kuchinjana kwa jina la nani ni wa pwani na nani ni wa bara. Zaidi ya watu mia moja walikufa, na makumi kwa makumi ya maelfu walihama. Jirani yetu alikuwa mama wa bara, muuza mboga. Usiku mmoja alimgongea mama yangu, akamtia ufunguo mkononi, akasema, "Nitunzie nyumba." Hakurudi. Disemba ilipofika na watu wakapanga foleni ya kura, jina lake lilikuwa kwenye daftari na mwenyewe hayupo. Ule ufunguo mama aliuning'iniza kwenye msumari wa mlango wa jikoni miaka mingi sana. Ulishika kutu pale pale.

Basi mtu akiniambia kura ni mchezo wa upande huu na upande ule, mimi naona ule ufunguo.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Mnaviona vikapu hivi sita juu ya meza? Ni vya makuti, vimesukwa na kikundi cha kina mama wa hapa hapa, kisha tukavipaka rangi. Kimoja cheupe, kimoja buluu, kimoja manjano, kimoja zambarau, kimoja kijani, na hiki cha mwisho kina rangi ya mchanga. Rangi hizi si zetu. Ndizo rangi za karatasi sita unazopewa kituoni. Nyeupe ni ya rais. Buluu ni ya gavana. Manjano ni ya seneta. Zambarau ni ya mwakilishi wa kike. Kijani ni ya mbunge. Ya rangi ya mchanga ni ya mwakilishi wadi, yule tunayemwita MCA.

Niwaulize, na mnijibu kwa kweli. Nani kati yenu aliwahi kupewa zile karatasi sita, akaijua nyeupe, akaijua buluu, halafu hizo nyingine akaweka alama palipomjia tu? (Mikono kadhaa ilipanda.) Ahsanteni. Hakuna aibu. Tumeambiwa sana tupige kura, hatukuambiwa kila kura inanunua kazi gani.

Mchezo wetu ni huu. Tunaandika shida za mtaa kwenye vikaratasi, shida moja kila kikaratasi. Unachukua kimoja, unakisoma kwa sauti, unakitia kwenye kikapu cha mwenye kazi hiyo. Basi. Mara ya kwanza tulipoucheza, alitoka bibi mmoja, umri wake umevuka sabini. Akachukua kikaratasi, mjukuu wake akamsomea: "Zahanati haina dawa." Bibi hakusita, akaenda moja kwa moja kwenye kikapu cheupe.

Nikamuuliza, "Bibi, kwa nini rais?"

"Kwani si yeye mkubwa?"

Ndipo tukamweleza. Katiba ya 2010, kwenye jedwali la nne, imegawa kazi. Zahanati, vituo vya afya, shule za chekechea, maji, masoko, uzoaji taka, taa za barabarani, barabara za ndani za kaunti, hizo ni kazi za kaunti. Polisi, vitambulisho, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu, hizo ni za serikali ya kitaifa. Bibi akakitoa kile kikaratasi kwenye kikapu cheupe, akakishika, akanyamaza. Kisha akasema, "Basi miaka yote hii namlilia asiyehusika?"

Akakipeleka kwenye kikapu cha buluu, kwa gavana. Lakini hakukiachia. Akaniuliza, "Na huyu wa mchanga, yeye kazi yake nini?" Nikamwambia, bajeti ya gavana haitoki mpaka bunge la kaunti liipitishe, na waliomo humo ni hao wawakilishi wadi. Makadirio yanatakiwa yawe mezani kwao ifikapo 30 Aprili kila mwaka, na yapitishwe kabla ya 30 Juni. Wao ndio wa kuuliza, dawa zimetengewa kiasi gani, na za mwaka jana zilikwenda wapi.

Bibi akakichana kile kikaratasi katikati. Nusu akaitia kwenye buluu, nusu akaitia kwenye kikapu cha mchanga. Mimi nimefundisha miaka mingi darasani, na sijapata kuona mwanafunzi aliyelielewa somo namna ile.

Hivi vikapu vingine nitavipitia haraka, maana mtavicheza wenyewe. Seneta kazi yake ni kuilinda kaunti huko Nairobi, hasa pesa zinapogawanywa. Katiba imesema kaunti zote kwa jumla zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Mbunge hutunga sheria na kuikagua serikali, na basari tunazozifuata kwenye ofisi ya eneo bunge zinatoka kwenye NG-CDF, yaani mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge. Mwakilishi wa kike ni mbunge kamili kama wabunge wengine, anapiga kura bungeni sawasawa nao, isipokuwa eneo lake ni kaunti nzima. Msikubali kuambiwa kiti chake ni cha mapambo.

Kwa hiyo mgombea wa uwakilishi wadi akija hapa akawaahidi chuo kikuu, muulizeni atakijenga kwa mamlaka gani. Na mgombea urais akiwaahidi kuja kuzoa taka za soko la Kongowea, muulizeni gavana atakuwa wapi siku hiyo. Muulizeni kwa adabu, lakini muulizeni. Sisi tukiwaalika wagombea, tunawaalika wote wa kiti hicho. Maswali ni yale yale, dakika ni zile zile, na anayeshika saa ni mtoto wa shule. Asiyekuja tunamwekea kiti chake na jina lake juu yake, na hatumsemi.

Nisiwadanganye kwamba sisi ndio tuliobuni haya. Hapa hapa Mombasa, mwaka 2007, shirika la haki za binadamu la MUHURI lilikwenda Changamwe likawafundisha wakazi wa kawaida, wauzaji samaki, mafundi, kina mama wa nyumbani, kusoma nyaraka za miradi ya CDF, jina la zamani la ule mfuko wa maeneo bunge. Wanaharakati kutoka India waliozoea kazi hiyo kule kwao walikuja kusaidia. Watu wakachukua makaratasi, wakaenda kwa miguu mpaka kwenye mradi wenyewe. Karatasi yasema choo kimekamilika. Haya, choo kiko wapi? Kisha wakaitisha mkutano wa hadhara, na wakayasema mbele ya kila mtu. Waliuliza pesa zetu zimefanya nini, wala hawakuuliza chama. Mtu aliyeshika karatasi ile mkononi, akauona mradi kwa macho yake, siku ya kura haambiwi hadithi.

Haya, tuje kwenye jambo linaloniuma. Nchi nzima, mwaka 2013, waliojiandikisha wakapiga kura walikuwa kama 86 katika kila mia. Mwaka 2017, uchaguzi wa Agosti, kama 78. Mwaka 2022, kama 65. Mnaiona ngazi hiyo inavyoshuka? Na sisi Mombasa je? Tulikuwa na wapiga kura zaidi ya 641,000 kwenye daftari. Tarehe 9 Agosti 2022, waliojitokeza hawakufika nusu. Kisha kura ya ugavana wetu ilikuwa imeahirishwa kwa sababu karatasi zilichapishwa na kasoro, ikapigwa 29 Agosti. Siku hiyo idadi ikashuka tena.

Chini ya nusu, ndugu zangu. Mjini hapa, penye vituo mpaka uchochoroni.

Kwa nini? Wapo wenye kusema watu ni wavivu. Mimi silikubali hilo. Nimekwenda mlango kwa mlango, nimesikiliza. Mmoja alijiandikishia Nairobi alipokuwa akifanya kazi ya ulinzi, akarudi nyumbani, hakujua kwamba anaweza kuhamisha kituo. Mwingine alidhani kadi ya mpiga kura iliyopotea imempotezea haki, kumbe kinachotakiwa ni kitambulisho alichojiandikishia. Mwingine, msichana wa miaka ishirini na mmoja, aliniambia neno ambalo sijapata jibu lake mpaka leo: "Mwalimu, mimi sijasusa. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza chochote." Mwaka 2022 tume ya uchaguzi yenyewe ilisema vijana wa miaka 18 hadi 34 kwenye daftari walikuwa chini ya 40 katika mia, na walikuwa wamepungua kuliko 2017. Vijana, nchi hii nyinyi ndio wengi. Imekuwaje kwenye daftari muwe wachache?

Ninapofika hapo huwa nawakumbuka Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Watoto wakazaliwa hapa, wajukuu wakazaliwa hapa, na hawakuwa na kitambulisho. Huna kitambulisho, huna akaunti ya benki, huna laini ya simu kwa jina lako, na kura huna. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, wazee na wanawake, wakisindikizwa na mashirika ya haki yasiyokuwa na chama, mpaka wakaonana na rais. Februari 2017 zaidi ya elfu moja wakapewa vitambulisho, na mwaka ule ule wakapiga kura, wengi wao kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Mtu ana miaka sitini, anapiga kura yake ya kwanza! Na mimi niliyepata kitambulisho changu nikiwa na miaka kumi na minane, nikikilalia chini ya mto mpaka uchaguzi ukapita, nitamwambia nini mzee yule?

Uchaguzi ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Usajili unaendelea wakati wote kwenye ofisi za tume za maeneo bunge, mpaka sheria itakapousimamisha siku zikikaribia. Wewe uliyehama, hamisha kituo. Wewe uliyejiandikisha zamani, hakikisha jina lako lipo na limeandikwa sawasawa. Usingoje usiku wa kuamkia kura.

Sasa niseme na kina mama zangu watu wazima, na hapa naomba wanaume mtulie kidogo.

Mwakumbuka mlolongo? Mwaka 1988, kwenye uteuzi wa chama kimoja, mtu alisimama nyuma ya mgombea wake, nje, juani, kila mtu anamwona. Chifu anamwona. Mwenye shamba analolima anamwona. Mgombea akipata asilimia 70 kwenye foleni ile, kiti ni chake, hata debe halikuletwa. Yule aliyesimama kwenye foleni fupi alirudi nyumbani na hofu. Siri ya kura tuliyonayo leo imetafutwa na watu, na wengine waliingia jela kwa kuidai.

Halafu sisi wenyewe twaitoa bure. Vipi? Mama hajui kusoma, anaingia kituoni peke yake, anasema nisaidieni. Sheria yasema msimamizi amsaidie mbele ya mawakala wa wagombea. Kwa hiyo anasema kwa mdomo wake, mbele ya mawakala wote, namtaka fulani. Jioni mtaa mzima umeshajua. Mama, sheria hiyo hiyo inakuruhusu uje na mtu wako unayemwamini, mtu mzima aliyetimiza miaka 18. Atakula kiapo cha kutunza siri, ataingia nawe, atakuwekea alama unapotaka wewe. Mtu mmoja anaruhusiwa kumsaidia mpiga kura mmoja tu, kwa hiyo ukimwona jamaa anazunguka foleni akijitolea kuwasaidia kina bibi kumi, huyo ana lake jambo. Nendeni na wajukuu zenu. Kaeni nao kabla, mzicheze zile rangi sita nyumbani, ili siku hiyo mjukuu asishike karatasi ya zambarau akaduwaa.

Na alama iwe moja tu kwenye kila karatasi. Mwaka 2022, kura za urais zilizokataliwa nchi nzima zilikuwa zaidi ya 113,000. Watu hao waliamka alfajiri kama wewe. Walipanga foleni kama wewe.

Kuhusu pesa, sitahubiri sana. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 yamshika anayetoa na anayepokea, faini mpaka shilingi milioni mbili, au kifungo mpaka miaka sita, au vyote viwili. Lakini mimi nina swali dogo. Zile leso mlizogawiwa 2022, ziko wapi? (Mama mmoja akajibu: "Yangu nimeifanya tambara la kushikia sufuria.") Mwaisikia? Na aliyeitoa bado ana miaka ya kukaa. Na mtu akikupa pesa akakutisha kwamba atajua ulikompigia, hawezi kujua. Hawezi! Mle ndani mko wewe na kalamu.

Jambo langu la mwisho ni la jioni, baada ya saa kumi na moja, vituo vikishafungwa. Aliye kwenye foleni saa hiyo bado ana haki ya kupiga kura, msiondoke. Kisha madebe yanafunguliwa, kura zinahesabiwa pale pale, na matokeo ya urais yanajazwa kwenye fomu iitwayo 34A. Mawakala wanatia sahihi, nakala inabandikwa nje ya mlango wa kituo. Mlango wa kituo! Si Nairobi.

Matokeo haya ya ngazi ya chini yalipiganiwa mahakamani. Watu watatu, akiwemo Khelef Khalifa wa MUHURI hapa kwetu, pamoja na Maina Kiai na Tirop Kitur, walikwenda kudai kwamba matokeo yakishatangazwa kwenye eneo bunge yawe ya mwisho, asiwepo mtu wa kuyagusa huko mbele. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki. Hawakuwa wagombea. Hawakuwa na kiti cha kupata. Na mwaka 2022 fomu za vituo, zaidi ya 46,000, ziliwekwa wazi mtandaoni, mwenye simu azisome. Waangalizi wa ELOG nao, muungano wa mashirika ya kiraia na ya kidini, walikuwa na watu wao kwenye vituo walivyovichagua, wakapiga hesabu yao wenyewe kando, ili iwepo ya kulinganisha.

Usiku ule mimi nilikuwa barazani kwa jirani. Vijana wanne walikuwa na simu moja yenye betri. Mmoja alikuwa amepiga picha ile fomu iliyobandikwa kwenye mlango wa shule yetu ya msingi, mwandiko wa kalamu ya buluu, saba imeandikwa kwa mkia mrefu. Wakaitafuta mtandaoni, wakaipata. Wakaziweka picha mbili pamoja, wakasoma mstari kwa mstari, mmoja anasoma, mmoja anafuata kwa kidole. Wawili walikuwa wa huku na wawili wa kule. Walipofika kwenye ile saba yenye mkia mrefu, wote wanne wakasema kwa pamoja, "Ndiyo yenyewe." Mtaa wetu ulilala usingizi usiku ule.

Sasa nimlipe yule kijana deni lake. Naona ameingia, ameketi pale nyuma, helmeti magotini. Mwanangu, uliniuliza mwafaidika nini. Mjukuu wangu akiumwa usiku, anapelekwa kwenye zahanati ile ile anayopelekwa mwanao. Dawa zikikosekana, zinatukosa sote wawili, mimi na wewe, na hakuna anayetuuliza tulikuwa chama gani. Sitaki kwenda kulia kwenye kikapu kisichohusika, na sitaki uende kulia huko wewe pia.

Njoo hapa mbele. Usione haya, njoo. Na wewe Bibi, ndiyo, wewe uliyekichana kile kikaratasi, karibu uketi hapa. Leo sitaendesha mchezo mimi, utauendesha wewe. Kijana, wewe simama upande wa pili wa meza, umshikie vikapu. Mjukuu, msomee Bibi kikaratasi cha kwanza.

"Taa ya barabarani imezimika, huu mwezi wa tatu."

Haya, Bibi, watu wanakungoja.